Stelingi Hafi

Mjukuu wangu mmoja, anayesoma Morogoro mjini, alikuja kwetu Lumuma kwa likizo, na jioni moja tukiwa tumekaa kibarazani akaanza kunisimulia habari za sinema. Akanieleza juu ya mchezaji mmoja, Hugh Jackman, mzaliwa wa Australia, ambaye mwaka 2000 alianza kumcheza mtu mwenye makucha ya chuma aitwaye Wolverine, akamcheza tena na tena hadi mwaka 2017, ambapo shujaa huyo alikufa na kuzikwa katika sinema ya Logan. Nikadhani habari imekwisha. Kumbe mwaka 2024 mchezaji yule yule akarudi na makucha yale yale. Nikamuuliza mjukuu wangu imekuwaje maiti akafufuka. Akacheka, akanijibu, "Babu, stelingi hafi."

Nilinyamaza kwa muda, maana maneno hayo niliyasikia kabla baba yake hajazaliwa. Neno lenyewe tulilitoa katika mabango ya sinema za Kiingereza, tukalitia sauti ya kwetu, na maana yake kwetu ilikuwa moja tu: yule ambaye risasi hazimpati. Na stelingi wa kwanza niliyemjua mimi sikumwona katika sinema, kwa sababu Lumuma haikuwa na jumba la sinema. Nilimwona katika karatasi. Habari zake nimezikaa nazo moyoni miaka mingi, na katika habari hizo lipo kosa langu moja. Naona umefika wakati wa kulisema.

Msomaji ambaye hajafika Lumuma ajue kwamba iko katika milima ya Usagara, wilaya ya Kilosa, mpakani na Mpwapwa. Mto umelipa bonde jina, na mifereji ndiyo iliyowalisha watu wa bonde. Siku hizi vitunguu ndivyo vinavyolitangaza jina la Lumuma hadi Dar es Salaam. Zamani zile, mwaka 1970, nilipokuwa mvulana wa miaka 13, mambo yetu makubwa yalikuwa mahindi, maharage, zamu ya maji usiku, na shule. Aliyetaka kuiona dunia alishuka kwa miguu hadi Kidete kwenye reli ya kati, akapanda gari moshi kwenda Kilosa na mbele yake.

Kaka yangu mkubwa alishuka hivyo. Alikwenda kukata mkonge Kimamba, na kila baada ya miezi kadhaa alirudi na sukari, chumvi, kitambaa cha mama, na, kama alijaliwa, gazeti moja lililokunjwa kama mwanzi ndani ya gunia. Gazeti hilo halikuwa kama magazeti mengine. Lilikuwa picha tupu, picha za kweli za watu wa kweli, zimepangwa kwa mfuatano ukurasa baada ya ukurasa, na maneno ya Kiingereza yametoka vinywani mwa watu hao ndani ya viputo vyeupe. Jina lake African Film. Na aliyetawala kurasa zote alikuwa mtu mweusi mwenye kofia ya kimji, suti iliyomkaa barabara, na tai ya kipepeo shingoni. Jina lake kamili lilikuwa Lance Spearman, kwa mkato Spear. Sisi tulimwita Spia.

Usiku, koroboi ikiwa katikati yetu, kaka alifungua gazeti akatusomea. Tulijaa chumba kizima, wadogo zangu, watoto wa jirani, na mara nyingine wazee waliojidai wamepita tu. Kaka aliweka kidole kwenye picha, akakitazama kiputo kwa makini, kisha akasema kwa Kiswahili yale yaliyoandikwa. "Hapa Spia anamwambia huyu, wewe ni kibaraka wa Makaburu, leo utazieleza siri za mabwana zako." Akageuza ukurasa. "Hapa wamemfunga kamba. Wanataka awape majina ya wapigania uhuru. Anakataa." Sisi tulishika vifua. "Atakufa?" aliuliza mdogo wetu wa mwisho, na kaka akajibu bila kuinua macho, "Stelingi hafi, mdogo wangu."

Basi mimi nilikua nikiamini kwamba Spia alikuwa askari wa siri wa ukombozi wa Afrika, na kwamba huenda siku moja angepita kwetu akielekea kusini.

Sasa niseme yale niliyojifunza baadaye, maana jambo hili lina historia yake.

Riwaya za picha hazikuanzia Afrika. Zilianzia Italia mwaka 1947, mara baada ya vita kuu, watu wakiwa na njaa ya sinema na hawana fedha ya sinema. Hadithi huandikwa kama mchezo, wachezaji huvalishwa na kusimamishwa, mpiga picha hupiga tukio baada ya tukio, kisha picha hukatwa, hupangwa, na kutiwa maneno. Ni sinema ya mtu asiye na umeme. Haihitaji mtambo, haihitaji tiketi, na gazeti moja huweza kusomwa na kijiji kizima mpaka jalada lidondoke. Kwa hiyo isishangaze kwamba ufundi huo ulipoletwa Afrika ulienea kama moto wa nyasi.

Waliouleta kwetu ni kampuni ya jarida la Drum. Jarida hilo lilianza mwaka 1951 mjini Cape Town, likahamia Johannesburg, na mwenye fedha zake alikuwa Jim Bailey, mwana wa tajiri mkubwa wa migodi, Abe Bailey. Katika miaka ya 50 Drum lilikuwa na waandishi weusi hodari sana, walioandika juu ya maisha ya mijini, muziki, ngumi, magenge, na mateso ya wafungwa waliopelekwa kufanya kazi mashambani. Likapata matoleo yake Afrika Magharibi na Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 60 kampuni hiyo ikatoa magazeti ya riwaya za picha, na Spia akawa nyota yao. Walimsoma Lagos, walimsoma Accra, walimsoma Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Na kwa njia ya gunia la mkata mkonge, walimsoma Lumuma.

Mfano wake ulikuwa dhahiri kwa aliyekwisha kwenda sinema mjini. Mwaka 1962 ilitoka sinema ya kwanza ya James Bond, Dr. No, na Sean Connery akamcheza jasusi huyo mara tano hadi mwaka 1967, akarudi tena mwaka 1971. Spia alikuwa Bond mweusi. Alikunywa wiski yenye barafu, alivuta sigara nene, aliendesha gari la mbio la Kimarekani, na wanawake wazuri walimzunguka. Alikuwa na msaidizi wake Sonia, rafiki yake wa polisi Kapteni Victor, na kijana machachari Lemmy. Maadui zake walikuwa watu wa kutisha, kama Rabon Zollo na Dr. Devil, ambao kila walipodhaniwa wamekwisha walijitokeza tena toleo lingine.

Lakini kilichotutia wazimu hakikuwa wiski wala gari. Katika dunia ya Spia kila mtu alikuwa mweusi. Mkuu wa polisi mweusi, daktari mweusi, mwanasayansi mweusi, mwizi wa benki mweusi na meneja wa benki mweusi. Sisi tuliozaliwa Mzungu akiwa Bwana Shauri hatukuwahi kuiona dunia ya namna hiyo ikipigwa picha. Katika sinema za Tarzani zilizoletwa na gari la serikali, mtu mweusi alikuwa mbeba mizigo anayeliwa na mamba. Kwa Spia yeye ndiye aliyeamua nani aishi.

Mchezaji aliyebeba yote hayo aliitwa Jore Mkwanazi. Alikuwa mtu wa Afrika Kusini. Kabla ya kuwa Spia alikuwa mtumishi wa nyumbani na mpiga piano katika kilabu cha usiku, mpaka mpiga picha Stanley Bunn alipomwona na kumvalisha kofia. Tangu hapo, toleo baada ya toleo, uso wake ndio uliokuwa Spia, mpaka gazeti lilipofifia mwanzoni mwa miaka ya 70. Nadhani katika miaka ile palikuwa na nyuso chache sana za Waafrika zilizojulikana na watu wengi kuliko uso wake, ukiacha za marais. Hata hivyo mimi, niliyeujua uso huo kuliko nyuso za wajomba zangu, sikulijua jina lake mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji, juu ya kazi ya mtu huyo. Tangu mwaka 1952 sheria ya Makaburu ilimtaka kila mwanamume mweusi aliyetimiza miaka 16 atembee na kitabu cha pasi. Bila kibali hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72. Mwaka 1960, pale Sharpeville, polisi waliua watu 69 waliokuwa wakipinga pasi hizo hizo. Sasa mchukue mtu wa nchi hiyo, umvalishe suti, umweke kwenye usukani wa gari la fahari, umwambie atazame mbele kama mtu asiyemwogopa yeyote. Piga picha. Kisha mwambie avue suti arudi kwake, na njiani askari kijana wa Kizungu anaweza kumsimamisha amwulize pasi iko wapi. Connery alipovua suti ya Bond alibaki Connery, tajiri na bwana. Mtu mweusi wa Johannesburg alipovua suti ya shujaa alirudi kuwa mtu wa pasi. Sijui kazi nyingine ya mchezaji iliyokuwa na umbali mrefu kama huo kati ya vazi na mwili.

Na hadithi zenyewe hazikulisema jambo hilo hata kidogo. Nchi ya Spia haikuwa na jina. Haikuwa na pasi, haikuwa na Kaburu, haikuwa na Sharpeville. Sheria ya udhibiti ya mwaka 1963 ilikuwa macho huko kusini, na mwenye kampuni alikuwa na biashara ya kulinda. Spia alipigana na wezi, wendawazimu wenye mitambo, na magenge, bega kwa bega na polisi wema.

Hapa ndipo linapoingia kosa langu.

Mwaka 1973 nilikuwa shule ya sekondari, na Kiingereza changu kimeanza kusimama. Mwenzangu mmoja bwenini alikuwa na matoleo manne ya African Film chini ya godoro. Nikayafungua kwa furaha ya mtu anayekutana na ndugu wa zamani. Moja kati yake nililitambua mara moja kwa picha zake, ni lile aliloleta kaka mwaka 1970, lile la kufungwa kamba. Nikaanza kusoma viputo. Nikarudia tena. Hapakuwa na Kaburu. Hapakuwa na wapigania uhuru. Wale waliomfunga Spia walikuwa majambazi wa kawaida wanaotaka mali, na wala hakuna aliyemwuliza majina ya watu. Maneno yote aliyotusomea kaka usiku ule, na usiku mwingine wote, hayakuwamo.

Kaka hakujua Kiingereza. Alikuwa amesoma hadi darasa la nne, akajua kusoma na kuandika Kiswahili, basi. Alikuwa akitazama picha na kutunga.

Ningekuwa na akili ya leo ningecheka na kumpenda zaidi. Lakini nilikuwa na miaka 16, nimevaa sare, na kijiji kizima kiliniita msomi. Likizo ilipofika nikaazima lile gazeti, nikashuka gari moshi Kidete, nikapanda milima hadi nyumbani. Jioni ya pili watu walipokusanyika, kaka akiwa amekuja kwa mapumziko, nilitoa gazeti nikasema leo nitasoma mimi. Nikasoma Kiingereza kwanza, kwa sauti ya mwalimu, kisha nikatafsiri neno kwa neno. Kila picha nilipoimaliza nilimtazama kaka. Watu walielewa polepole. Mmoja akaguna, mwingine akacheka, na mwisho kicheko kikawa cha wote. "Kumbe Makaburu uliwatoa wapi, bwana?" mtu mmoja alimwuliza. Kaka naye alicheka kidogo, akasema ameusikia mbuzi akilia zizini, akatoka.

Hakurudi usiku ule. Na tangu siku ile hakusoma tena mbele ya watu, si gazeti, si barua, si hata tangazo la kijiji. Mama hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu asubuhi, "Umesoma vizuri," na sauti yake ninaisikia mpaka leo.

Swali la makaburu ameyatoa wapi kaka, mimi nililidharau wakati ule. Jibu lake lilikuwa wazi kwa yeyote aliyekuwa na masikio. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliweka Kamati yake ya Ukombozi mjini Dar es Salaam. Mwaka 1964 ilifunguliwa kambi ya wapigania uhuru Kongwa, ng'ambo tu ya milima yetu ukipita Mpwapwa, na ndani yake walikaa watu wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, na wengine. Mwezi Aprili mwaka 1969 ANC ilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro, mji mkuu wa mkoa wetu. Redio Tanzania ilitangaza mapambano hayo kila siku, na katika kambi ya mkonge, ambako wakata mkonge waliizunguka redio moja jioni, neno "makaburu" lilisikika kama neno "mvua" lilivyosikika Lumuma. Kaka hakujua viputo vilisema nini, ila alijua mtu mweusi mwenye bastola mwaka 1970 alipaswa kuwa anapigana na nani.

Mwaka 1982 nilikuwa mwalimu Morogoro mjini. Wakati huo Waafrika Kusini walikuwa wengi pale, kwa kuwa serikali yetu ilikuwa imewapa ANC ardhi Mazimbu, na shule yao iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Siku moja nilikuwa kwenye kibaraza cha fundi cherehani nikingoja suruali, akaja mmoja wao, mtu wa makamo, mpole, naye akingoja koti. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini chenye moyo. Tukazungumza. Mimi kwa kutaka kumfurahisha nikamwambia kwamba utotoni nilimpenda sana ndugu yao mmoja, nikamtaja Spia.

Akanitazama. "Spear? Hapa Tanzania?"

Nikamwambia hapa, na si mjini, bali milimani kabisa.

Alikaa kimya mpaka nikadhani nimemwudhi. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi pia nilimsoma. Kule kwetu nilimsoma na kumkasirikia. Nilisema, huyu mtu ana bastola, ana gari, kila wiki anapigana, na hata siku moja hapigani na polisi aliyemkamata baba yangu." Akatikisa kichwa. "Lakini wiki iliyofuata nilinunua tena."

Ndipo nikamsimulia habari ya kaka, jinsi alivyoyatia Makaburu kinywani mwa Spia bila kujua Kiingereza. Kicheko changu kilikuwa tayari, kwa kuwa nilizoea kuisimulia habari hiyo kama kichekesho. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Ndugu yako yuko wapi sasa?" Nikamjibu analima Lumuma. Akasema, "Mwambie asante. Yeye ndiye aliyelisoma vizuri."

Fundi akaleta koti. Alilivaa, akajitazama katika kioo kidogo cha fundi, akalipia, akaniaga kwa mkono. Sikumwona tena.

Neno lake lilinifanya niwaze upya. Mpaka leo wako wasomi wanaosema kwamba Spia alikuwa kileo, kwamba kampuni ya Wazungu wa Johannesburg ilitupa ndoto ya suti na wiski ili tusahau minyororo. Siwezi kusema wamekosea kabisa. Fedha tulizotoa zilikwenda huko huko tulikotangaza kutokununua hata chungwa. Wako wengine wanaosema alitupa heshima kwa kutuonyesha mtu mweusi asiyeinama. Nao hawakukosea. Lakini wote wawili wanazungumza kana kwamba msomaji ni chungu kitupu, kinajazwa kinachomwagwa. Kaka hakuwa chungu. Alipokea picha zilizonyamazishwa na woga wa sheria na biashara, akazirudishia neno walilolikwepa.

Wala hakuwa peke yake. Waandishi wetu wa Kiswahili walifanya jambo hilo hilo kwa kalamu. Faraji Katalambulla, aliyeandika Simu ya Kifo mwaka 1965, alitoa jarida la riwaya za picha kwa Kiswahili, Film Tanzania, ili watu wetu waseme kwa lugha yetu. Naye Elvis Musiba mwaka 1974 alitoa Kufa na Kupona, na ndani yake mpelelezi Willy Gamba, mtanashati kama Spia, mpenda vinywaji na wanawake kama Spia, lakini kazi yake ni kufukuzia siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam. Mwaka 1979 akamrudisha katika Kikosi cha Kisasi, na adui ni yule yule wa kusini. Niliposoma vitabu hivyo nilishtuka, kwa kuwa ilikuwa kama namsikia kaka kando ya koroboi. Mkata mkonge wa darasa la nne alikuwa ameitunga habari ya namna hiyo miaka minne kabla ya kitabu cha kwanza.

Mwezi Februari mwaka 1990 redio ilitangaza kwamba Nelson Mandela ametoka kifungoni. Pasaka ya mwaka huo nilikwenda nyumbani nikiwa nimeamua. Nilimkuta kaka shambani, amesimama ndani ya mfereji anageuza maji. Nikavua viatu nikaingia naye. Tulifanya kazi mpaka maji yalipofika mwisho wa vitunguu, ndipo nikamwambia ya mwaka 1973, na ya yule mtu wa Mazimbu, na salamu zake ambazo kwa aibu nilikuwa nimezikalia miaka minane. Nikamwomba radhi.

Alinawa mikono taratibu. "Yule alisema nimesoma vizuri?"

"Ndiyo, kaka."

Akafikiri. "Kiingereza sikukijua, mdogo wangu. Hilo ulisema kweli. Lakini redio niliisikia." Kisha akaniuliza kama nitakula kwake au kwa mama.

Msamaha wake ulikuwa huo, wala sikutaka mwingine. Hata hivyo sitajidanganya kwamba deni lililipwa lote. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa baada ya ile likizo, na hao watoto wote hawakupata kusomewa na baba yao usiku hata mara moja. Kile nilichokizima hakikuwashwa tena. Kaka alifariki mwaka 2006.

Mashujaa wenyewe hawana shida. Bond amebadilisha nyuso mara kadhaa tangu Connery. Wolverine amefufuka. Spia bado anakaa katika vichwa vya wazee kutoka Lagos hadi Lumuma, na kofia yake haijapata vumbi. Stelingi hafi, kweli. Anayechoka ni mchezaji, anayezeeka ni msomaji, na anayekufa ni yule aliyekuwa akisimulia.

Siku chache baada ya mazungumzo yetu ya kibarazani, mjukuu wangu alinichukua hadi banda la video. Palikuwa na benchi, giza, joto, na vijana wengi waliotoka shambani. Sinema ilikuwa ya Kizungu, na juu ya sauti za Wazungu palikuwa na sauti ya Mtanzania mmoja anayetafsiri, na kila baada ya muda akiongeza yake. Mtu wa Marekani aliyefukuzwa na madeni alisemeshwa habari za mkopo wa vikoba. Vijana walivunjika mbavu. Mjukuu wangu, ambaye Kiingereza anakijua, aliniinamia sikioni. "Babu, huyu anadanganya. Hawajasema hivyo kabisa. Nikitoka nitawaambia."

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mwache asimulie."

Akashangaa, lakini alitii. Tulipotoka usiku, njia nzima ya kurudi nyumbani kando ya mfereji, nilimsimulia habari hii niliyokuandikia wewe.